Bi Mahfudha wa Meza ya Theluji

Siku ya Alkhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Mahfudha binti Saeed atakabidhi funguo za droo yake na kutoka katika ofisi yetu ya safari hapa Ghubra, Maskati, akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na sita na miezi saba. Kwa Kiarabu ameshaandikiwa na idara, karatasi nzuri yenye muhuri. Haya ya Kiswahili ni yetu sisi wa chumba cha nyuma, tuliokunywa naye chai, tuliogombezwa naye, na ambao tunamuaga tukiwa tumechoka, naye akiwa amechoka kutushinda sote. Yeye mwenyewe ametwambia tusilifiche hilo.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na wazee wake akiwa na miaka tisa. Alisoma hapa, akaolewa hapa, akalea watoto wanne hapa. Oktoba 1999 alianza kazi kwa kukata tiketi za Zanzibar, Daressalaam na Bombay, na kupanga safari za Umra. Tiketi zilikuwa bado za kaboni, ukikosea herufi moja ya jina la mtu unaanza upya. Wenzake wa zamani wanasema hakuanza upya hata mara moja. Tena alikuwa akijua nani wa mtaa wa Bawshar hasemezani na nani wa mtaa wa Al Khoudh, na watu hao hakuwaweka viti vya pamoja, hata kama ndege imejaa.

Theluji ilimwingia kazini mwaka 2006 bila ya yeye kuitaka. Bwana Majid, mfanyabiashara wa Bawshar, alikuja na gazeti lenye picha za milima ya Alpi, akasema anataka kupeleka familia yake kuteleza kwenye theluji, na anataka mlima mkubwa kuliko yote. Bi Mahfudha akatafuta, akaupata, akamkatia. Mlima ulikuwa na mabonde manne na kilomita mia nne za njia za kuteleza. Wiki mbili baadaye wakarudi. Bwana Majid alikuwa na mkono kwenye bandeji na furaha tele. Mkewe, Bi Noof, alikuja peke yake siku ya pili yake, akakaa mbele ya meza na mtoto mchanga mapajani.

"Mahfudha," akamwambia, "ulinipeleka Ulaya kuangalia dirisha. Siku sita. Nalijua lile dirisha kuliko mume wangu."

Wafanyakazi wengine walicheka. Bi Mahfudha hakucheka. Aliomba ruhusa, na majira ya baridi yaliyofuata akaenda mwenyewe kuona. Alianguka mara ya kwanza ndani ya duka la kukodi viatu, kabla hajaiona theluji. Akajifunza hivyo hivyo, suruali nene ndani, buibui juu, kofia ngumu juu ya mtandio, na mwalimu wa kike aliyekuwa akimshika kiuno. Mpaka leo anateleza kama mtu anayeshuka ngazi na sinia la chai, lakini anashuka, na sinia halimwagiki.

Aliporudi, alikuwa na namna yake ya kuchagua mlima, na namna hiyo ndiyo iliyotupa sisi kazi, na meza yake ikaitwa meza ya theluji.

Watu wakitaka mlima huhesabu kilomita. Huu una mia mbili, ule una mia nne, basi wanautaka wa mia nne. Bi Mahfudha huwaacha wamalize, halafu huuliza, "Na nani hatateleza?" Hapo wote huanza kuhesabu upya. Maana katika familia zetu za watu kumi na wawili, wanaoteleza hasa ni wanne. Yupo bibi, yupo mwenye mimba, yupo anayenyonyesha, yupo na baba aliyeapa kwamba atateleza na siku ya pili goti limeshavimba. Bi Mahfudha humchagulia mlima yule asiyeteleza. Wanaoteleza, anasema, watafurahi popote pale penye mteremko.

Kwa hiyo kwenye ramani hutafuta kwanza kituo cha katikati, pahala ambapo mtu wa miguu anapandishwa na kibanda cha waya, kile kinachoning'inia na kuvutwa juu, akakaa ndani penye joto, na watelezaji wakashukia hapo hapo kula naye chakula cha mchana. Kama hapana pahala hapo, mlima huo hautaji tena. Halafu hutazama kijiji. Kijiji cha juu sana kina theluji ya uhakika, lakini wazee hukosa pumzi na usingizi. Cha chini sana, ikitokea Januari yenye joto, mnaamka na tope. Yeye hupenda cha kati, chenye uwanja wa wanaoanza papo hapo mbele ya nyumba, ili mama amuone mwanawe akianguka na amuone akiinuka. Na kadi ya kupandia mlima mzima hakubali mnunue siku ya kwanza. "Mabonde manne hayakimbii," huwaambia. "Anzeni na kilima cha watoto, cha njia za kijani, zilizo nyepesi. Siku ya nne lazeni miguu. Watu huvunjika siku ya nne."

Haya yote aliyaandika kwenye karatasi moja anayompa kila msafiri. Sisi tunaiita karatasi ya Bi Mahfudha. Kila mstari wake una msiba nyuma yake. Mstari wa udi, kwa mfano, ulitokana na familia moja iliyofukiza chetezo ndani ya fleti siku ya Ijumaa. King'ora cha moto kikalia, jengo zima la watu mia na ishirini likatoka nje kwenye theluji na nguo za kulalia, na mwenye chetezo akatoka nacho mkononi, akawafukiza wote, kwa kuwa aliona si adabu kufukiza nyumba yake peke yake. Mstari wa glavu ulitokana na watu wa joto kama sisi kuzivua kila wakipiga picha. Karatasi ilianza na mistari saba. Kufika Januari hii ilikuwa na thelathini na moja, na imeshaingia upande wa nyuma.

Kazi hii si nyepesi kama inavyoonekana kwenye picha. Kuanzia Novemba simu hazinyamazi. Watu huona bei kwenye mtandao, hukata wenyewe, halafu humpigia yeye kuuliza sabuni ya kufulia inauzwa wapi. Amejibu. Ameamshwa Alfajiri na mtu aliyepoteza kiatu kimoja cha kukodi, akajibu. Wanawake wa ofisi hii tunaolea watoto wadogo tunajua maana ya kuitwa wakati hata jina lako umelisahau. Yeye ameitwa hivyo kila majira ya baridi kwa miaka ishirini.

Tunataka kusimulia safari moja tu, ya Januari iliyopita, kwa sababu yeye mwenyewe amesema kama haitosimuliwa basi tusiandike kitu.

Bi Ruqaya wa Al Khoudh alifiwa na mumewe mwaka juzi. Eda ilikwisha, lakini yeye hakutoka. Harusi hendi, sokoni hendi. Mwanawe mkubwa, Aws, aliyekuwa akiteleza tangu udogo kwa mikono ya Bi Mahfudha, akaja kusema wanataka kumchukua mama yao mlimani. Watu kumi na moja, siku kumi. Mama amekubali kwa sharti moja. Bi Mahfudha akampigia mwenyewe ili alisikie sharti hilo kwa mdomo wake.

"Mimi sikatai baridi," Bi Ruqaya alisema. "Nnakataa kuachwa. Nyumbani nnakaa peke yangu, nimeshazoea, kila kiti nnakijua. Huko nikikaa peke yangu jioni moja tu, Mahfudha, asubuhi yake nnarudi Maskati. Na sitotoka tena. Waambie."

Aliwaambia. Aws akaapa mbele yetu. Sote tukajua kwamba huyu bibi akirudi kabla ya wakati, mlango wa nyumba yake utafungwa na hautofunguka tena kwa mtu yeyote.

Bi Mahfudha alikaa siku nne na ramani. Akachagua kijiji cha kati katika mlima mkubwa wa mabonde matatu, fleti iliyo hatua arobaini kutoka kibanda cha waya, na kadi ya mtu wa miguu kwa Bi Ruqaya ili apande na kushuka apendapo. Siku tano za mwanzo zilikwenda vizuri. Tulitumiwa picha ya bibi kwenye kituo cha katikati, miwani meusi, blanketi magotini, wajukuu wamemzunguka, anawapangia viti kama yuko kwake.

Siku ya sita walikula naye mchana, kisha yeye akashuka kupumzika. Aws na wenzake wakaomba wavuke mpaka bonde la tatu, njia moja tu, warudi kabla ya saa kumi za jioni. Alasiri ikawakuta huko. Wakasali pembeni ya kituo. Palikuwa na mzee wa pale, dereva wa trekta la kusawazisha theluji, ambaye kazi yake huanza waya zikifungwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akangoja kwa heshima mpaka wamalize. Basi wangefanyaje? Wakatoa tende, wakatoa chupa ya kahawa na finjani, wakamkaribisha.

Sisi hapa mgeni akitosheka hutikisa finjani, na mwenyeji huacha kumimina. Yule mzee hajui. Kwao, inavyoonekana, kikombe ulichopewa hukiachi na kitu ndani. Akawa anamaliza, na Aws akiona finjani tupu isiyotikiswa akawa anajaza. Mzee akamaliza. Aws akajaza. Mmoja hawezi kuacha kumimina, mmoja hawezi kuacha kunywa, wote wawili wanatabasamu, lugha hapana. Finjani tisa. Kahawa ilipokwisha ndani ya chupa na wao wakainuka, waya wa mwisho wa kurudi bonde lao ulikuwa umeshafungwa. Kwa gari, njia inazunguka mlima mzima.

Aws hakumpigia mama yake. Aliogopa. Akapiga Ghubra, saa mbili za usiku kwetu, kwao saa kumi na moja za jioni, tukiwa tunaanza kufunga, akaeleza yote, ya finjani na ya waya.

"Bi Mahfudha, nakuomba, mwambie wewe."

"Mtoto wa kiume mzima na ndevu zake," Bi Mahfudha akamwambia. "Haya, tafuta teksi. Hapana, usinieleze zaidi, nimefahamu. Tafuta teksi!"

Kabla hajapiga, simu ikalia. Bi Ruqaya. Bi Mahfudha aliiweka simu mezani na kuifungulia sauti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye kompyuta, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mahfudha, nikatie tiketi. Ya kesho."

"Bi Ruqaya, salama?"

"Salama gani! Nimekaa na jagi la maji na kiti. Nje kunaingia kiza, hapana mtu. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Basi nikatie."

Vidole vya Bi Mahfudha viliendelea kuandika. Hakuomba, hakubembeleza. Tulidhani amekwisha nguvu. Kisha akasema, polepole, "Wamekosa waya wa mwisho. Wazima wote. Wanakuja kwa gari, mwendo wa saa moja na robo."

"Walikuwa wakicheza."

"Walikuwa na mgeni."

"Mgeni? Mgeni gani huko kwenye barafu?"

Akamsimulia. Mzee wa trekta, benchi, tende, chupa. Sauti ya upande wa pili ikawa nyengine kidogo.

"Hakutikisa?"

"Hakutikisa."

"Na Aws akawa anamimina tu?"

"Finjani tisa, Bi Ruqaya. Mpaka chupa ikakauka."

"Maskini, huyo mzee usiku huu hatolala." Tukasikia kiti kikivutwa. "Yakhe, Mahfudha... baba yao alikuwa hivyo hivyo. Siku moja tuliikosa ndege ya Bombay kwa kumkirimu fundi wa friji." Akacheka, au alilia, kwenye simu ilikuwa vigumu kujua. "Aws angelimwacha mtu na finjani tupu, wallahi ningelirudi leo hii. Lakini mkosaji huyo akifika hapa nitampa maneno yake. Wewe usikate simu."

Hakukata. Walizungumza mpaka mlango wa fleti ukafunguliwa na sauti za watoto zikajaa ofisi yetu, na Bi Ruqaya akasema, "Vueni viatu!" na kusahau kuaga. Tiketi haikukatwa. Siku ya pili yake alipanda kibanda cha waya hadi bonde la tatu na wanawe, akamtafuta yule mzee, akamfundisha kutikisa finjani. Picha tunayo ukutani. Alirudi Maskati na wenzake, siku iliyopangwa, na tangu hapo ameshahudhuria harusi mbili, na kwenye moja alilalamika kwamba biriani haina chumvi.

Ingekuwa ni sisi, tungeishia hapo na kumsifu. Bi Mahfudha hakutaka. Asubuhi iliyofuata simu ile, kabla ya chai, alitwambia jambo. Jana usiku, alisema, wakati Bi Ruqaya akigombeza, yeye alikuwa ameshakipata kiti cha ndege. Ameshaandika jina. Imebaki kubonyeza tu.

"Na sikukitafuta kwa ajili yake," alisema. "Nilitaka iishe. Nilikuwa nnaziona saa, nnauona mguu wangu umevimba, nikasema mkatie, akarudi, akajifungia, nawe ukalala. Nilijua mlango ule ukifungwa haufunguki, nikataka kubonyeza hivyo hivyo. Ni yeye aliyeuliza mgeni gani. Asingeliuliza, nisingelisimulia."

Tulimwambia ni uchovu tu. Kila mtu huchoka. Mmoja wetu, ambaye mtoto wake alikuwa na meno yanayoota na hakuwa amelala siku tatu, alimwambia kwamba naye huwaza hivyo hivyo kila usiku, na asubuhi huamka akaendelea. Bi Mahfudha akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Wewe mwanangu mtoto wako atakua. Wasafiri hawakui." Jumapili akapeleka barua ya kuomba kustaafu kwa mudiri, mkuu wa ofisi yetu, Bwana Yaqdhan. Muda wake wa kisheria wa kustaafu ulikuwa bado. Bwana Yaqdhan akamwomba abaki misimu miwili, akamwahidi msaidizi, akamwahidi ofisi yenye dirisha. Akakataa. Alisema mtu aliyefika kutaka msafiri ashindwe ili yeye alale, basi na akalale, ampishe anayeweza kuuliza swali la pili kabla ya kubonyeza.

Sisi tunaona amejihukumu kwa ukali. Tunaandika hapa, na tunataka isomwe mbele yake: kwa miaka ishirini amepeleka mlimani familia zaidi ya mia sita, na mabibi waliokwenda nazo wamerudi wakiwa wameiona theluji kwa macho, na kuishika, na kuisengenya. Bi Noof ameshakwenda mara tano. Karatasi ya mistari thelathini na moja sasa ina thelathini na mbili, kwani kabla hajaandika barua ya kustaafu aliongeza wa mwisho: mgeni asiyejua kutikisa finjani, mfundisheni kwanza, ndipo mmimine.

Kabla ya Ramadhani Bi Ruqaya alikuja ofisini, mara ya kwanza kwa miguu yake. Alisikia habari. Akaketi mbele ya meza ya theluji, akasema mwakani anakwenda tena, sasa nani atamchagulia? Bi Mahfudha akatuashiria sisi, kwa kidevu.

"Hawa?" Bi Ruqaya akatukagua mmoja mmoja. "Huyu anapiga miayo. Yule ana tapishi la mtoto begani."

"Hao hao," Bi Mahfudha akasema.

Bi Ruqaya akafikiri. Kisha akageuza kiti chake, akaacha kuielekea meza ya Bi Mahfudha, akatuelekea sisi. "Haya, andikeni," akasema. "Safari hii kumi na tatu. Na mimi sitelezi."

Tuliandika. Bi Mahfudha alichukua mkoba wake akaenda kusali Adhuhuri, na kwa mara ya kwanza hakurudi mbio kuangalia tumeandika nini.

Bi Mahfudha, ahsante kwa kila familia, kwa kila karatasi, kwa kila mara uliyotugombeza na baadaye ukatuletea mkate wa kumimina. Ahsante kwa kutwambia ukweli wa jioni ile, maana sasa tukichoka tutajua nini cha kuogopa. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wasumbufu kiasi tu, na akupe asubuhi nyingi ambazo hapana anayekuita. Nenda ukapumzike, mama yetu. Simu tutapokea sisi.